Kimamba Ilipotupita

Dada yangu Eufrasia hakuwa mtu wa kuogopa. Viboko walioingilia mpunga wake kule Ifakara aliwafukuza kwa debe na mdomo, na nadhani mdomo ndio uliowatisha zaidi. Lakini mwaka ule wa hamsini na tano, tulipomaliza kumzika mume wake Fulgensi, hofu moja ilimkaa kifuani. Mwanawe wa pekee, Kasmiri, aligombana na baba yake akaenda kukata mkonge Kimamba. Miaka saba hakurudi. Hata msibani hakuja. Je, amemkataa na mama pia?

Tukamwandikia kwamba tutafika na gari moshi la asubuhi, Jumamosi, mpunga ukishavunwa. Hakujibu.

"Akija stesheni, bado ni mwanangu," dada alisema. "Asipokuja, nitajua nimezika wawili."

Tukapanda lori hadi Kilosa, tukalala kwa ndugu. Kesho yake tukaenda stesheni, tushinde Kimamba, jioni turudi.

Jamani, lile gari! Nilikuwa nimesimuliwa, lakini kusimuliwa si kuona. Lilikuja likihema, ardhi ikitetemeka chini ya nyayo zetu, magurudumu yananifika kifuani. Sala zote zilinitoka kichwani ila Salamu Maria, nayo nikaianzia katikati. Eufrasia akanishika mkono hadi kucha zikaingia.

"Brigita, hiki kitu kimetengenezwa na mtu?"

"Na mtu."

"Aliyezaliwa na mwanamke?"

Nikamwambia apande, watu wanatutazama. Ndani tukakaa dirishani. Milima ilikuwa inatembea! Mkonge ulipita mstari kwa mstari, hauishi, na dada akawa anacheka huku machozi yanamtoka. "Mungu ni mkubwa," akarudia, "Mungu ni mkubwa."

Gari likasimama. Nikasoma ubao: Kimamba. Na pale chini alikuwepo Kasmiri, shati jeupe, anachungulia behewa moja moja.

"Amekuja," dada akasema. Wala hakuinuka. Nami sikuinuka. Sisi watu wa mto Kilombero tumefundishwa kwa makofi: mtumbwi ukifika ng'ambo, abiria hanyanyuki mpaka mwenye mtumbwi achomeke upondo wake na kusema shukeni. Anayejiinukia huzamisha wenzake. Basi tukamngoja mwenye gari aje atuambie. Wale waliokuwa wanashuka niliwaona hawana adabu.

Filimbi ikalia. Gari likaondoka nasi.

"Kasmiri!" Dada alipiga ukelele behewa zima likageuka. Akatuona. Hakuuliza kwa nini tumekaa, naye si mtoto wa mto? Akakimbia, kofia ikamwanguka, akadandia, akaja kupiga magoti mbele ya mama yake bila hata tiketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Akainamisha kichwa. "Baba aliwahi kunitaja?"

Mimi ningemdanganya, Mungu anisamehe. Dada hakuweza.

"Jina lako hakulitaja hata siku moja. Ila kila nikipika kambale, kichwa, kile ulichokipenda, alikiweka kando. Miaka saba. Nikimwuliza anamwekea nani, ananifokea."

Kasmiri alilia mpaka stesheni iliyofuata, Mkata, mtu mzima na ndevu zake, na hakuna aliyemwambia anyamaze.