Mama King'ora na Mtihani wa Leseni

Kazini walimwita Mama King'ora, wala hakukasirika. Kabla hamjalisikia gari la wagonjwa mmeshamsikia yeye: "Pisheni jamani, mtu anakufa humu!" Miaka kumi na tisa ameokota watu barabarani, na watoto watatu wamezaliwa mikononi mwake gari likiwa limekwama kwenye foleni.

Sasa mwambie mtu huyo akae na karatasi! Leseni yake ya kuhudumia wagonjwa ilitaka kuhuishwa, na mtihani wa kwanza alikuwa ameshafeli. Ulibaki mmoja. Akifeli tena anashushwa garini, anapelekwa stoo kupanga bandeji. "Bora wanizike," alimwambia mumewe.

Binti yake akamletea maswali ya majaribio mia tatu, na kila jioni walikaa mezani.

"Umefika, mtu kaanguka ngazini, hasemi. Unaanza na nini?"

"Namfungua njia ya hewa."

"Umekosa, mama. Unaangalia kwanza kama mahali ni salama."

"Ala! Hilo nalo la kuuliza? Nani anaingia bila kuangalia?"

Tatizo lilikuwa hapo hapo. Mambo aliyoyafanya kila siku hakuyahesabu kuwa ni mambo, basi jibu lake la kwanza kila mara lilikuwa hatua ya nne. Alikosa kwa kujua mno, maskini.

Mumewe ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Jioni moja alivua futi ya kupimia shingoni, akajilaza sakafuni. "Mimi ndiye mgonjwa. Usiseme, fanya."

Binti akashika kalamu. Mama akasimama mlangoni, akatupa jicho juu, chini, kwenye waya wa pasi. Akavaa glavu ambazo hazikuwepo. Akamwita mgonjwa kwa sauti. Ndipo akapiga magoti.

"Umeona?" binti akapiga kelele. "Matatu umeyafanya kabla hujamgusa baba!"

Mama akaichukua kalamu, akayaandika mwenyewe. Nyumba ile haikuwa imezoea.

Wiki tano mzee wa watu alivunjika miguu pale sakafuni, akapaliwa, akashikwa na moyo, hata akajifungua. Na alijifungua salama, haki ya Mungu.

Siku ya mtihani vijana walijaza majibu chapuchapu, yeye kafumba macho, mikono inacheza hewani. Wakaanza kumcheka pembeni. Msimamizi akamjia: "Mama, kuna tatizo?"

"Hakuna, mwanangu. Nina mgonjwa hapa. Nikimaliza naandika."

Msimamizi akarudi kitini. Mimi ningekuwepo ningempigia makofi. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, haoni haya kuanza upya kwenye kazi aliyowafundisha wengine! Wangapi wetu tungethubutu?

Majibu yalitoka Ijumaa. Alihitaji themanini, akapata themanini na tisa. Akakaa kwenye ngazi za ofisi akalia, watu wanampita. Kisha akampigia mumewe simu.

"Mume wangu," akasema, na sauti ilikuwa ndogo kabisa, "sishuki garini."