Wanaume Kumi wa Mzee Rafaeli

Juzi nilimsindikiza binti yangu kazini, mtaa wa Kenmore huku ughaibuni, kwa mzee Myahudi ambaye yeye humtunza; mzee huyo alikuwa amefiwa na mkewe. Wenzake walikuwa wamekuja kusali naye: mweusi wa Ethiopia, wengine wa Moroko na Polandi, wote wakiitana ndugu wa babu mmoja. Bon, nikamkumbuka Mzee Rafaeli, mwenye duka la vitenge kwetu Uvira.

Alasiri moja, nikiwa bado msichana mdogo, nilimkuta dukani; duka lilinukia vitenge vipya na mafuta ya taa. Alikuwa amepata habari kwamba mama yake amekufa, mbali huko.

"Mzee, mbona husali?" nikamuuliza.

"Sala yetu ya msiba inataka wanaume kumi, binti yangu. Myahudi hapa ni mimi peke yangu."

Mimi nilidhani kinachopungua ni hesabu tu. Nikakimbia, nikaleta wavulana tisa wa katekisimu, mmoja bado anatafuna muwa.

"Hawa tisa na wewe, kumi!"

"Tusali nini?" akauliza yule wa muwa. "Baba Yetu?"

Mzee alicheka hadi akakaa juu ya majora. Akatugawia biskuti, akatushukuru mmoja mmoja, akafunga mlango. Tulimsikia ndani akianza ile sala ya msiba kwa sauti, maneno mawili matatu, kisha akaikatiza, maana hakuwa na wa kumwitikia.