Bi Ubao na meza iliyokauka

Saa mbili asubuhi, kabla taa za juu ya meza hazijawashwa, mwanamke mmoja amepanda kwenye kreti la soda na anachora mistari kwenye ubao mweusi. Anatumia rula ndefu ya kukatia nguo. Chini yake sakafu bado ina maji ya deki, na kila anaposhuka kulisogeza kreti anajishika ukutani na kusema, "Taratibu, mama, mifupa hainunuliwi."

Leo ni mashindano makubwa ya mwaka ya pool ya mipira tisa. Wachezaji wataanza kuingia muda si mrefu, kila mmoja na mfuko wake wa fimbo begani.

Hapa ukumbini hakuna anayemwita kwa jina lake. Kuanzia mfagiaji hadi bingwa, wote wanamwita Bi Ubao. Siku za kawaida ni fundi cherehani wa sare za shule. Siku za mashindano anaandika jambo moja tu, nalo ni mpigo wa kuvunja, ule mpigo wa kwanza unaotawanya mipira yote tisa.

Mpira hata mmoja ukiingia shimoni, mpigo huo unaitwa mbichi, na aliyevunja anaendelea kucheza. Usipoingia hata mmoja ni mkavu, na zamu inahamia kwa mpinzani.

"Mbichi natia duara, mkavu natia mkwaju," anasema huku akijifuta chaki kwenye kanga. "Watu wanadhani ni kazi ndogo. Lakini mechi nyingi zinaisha palepale kwenye kuvunja. Yanayofuata ni maelezo."

Kuna desturi hapa ambayo hakuna anayekumbuka ilivyoanza. Mchezaji hapigi mpaka Bi Ubao anyanyue chaki yake. Hata wageni wanaokuja na majivuno yao wanaijua siku ya kwanza tu. Wanainama, wanalenga, kisha wanageuza jicho upande wake kama mtoto anayesubiri ruhusa ya kutoka darasani.

Kwenye meza ya kwanza, ile inayochezewa fainali, mzee mmoja mrefu anafuta mipira kwa kitambaa, mmoja baada ya mwingine. Ni seremala, na ni mume wa Bi Ubao. Watu wanamwita Fundi Fremu kwa sababu fremu ya mbao ya kupangia mipira aliitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, na tangu ukumbi ukiwa na meza moja yeye ndiye anayepanga.

Mpangaji anaibana mipira tisa mfano wa tiara, namba moja mbele, namba tisa katikati. Ikigusana sawasawa, inatawanyika vizuri na kuingia. Ikiachana hata kwa upana wa unywele, nguvu inapotea, mipira inazurura mezani na haingii popote.

Na hapo ndipo lilipo tatizo la nyumba hii.

Msimu uliopita Bi Ubao aliongeza safu mpya kwenye ubao wake. Zamani alihesabu kwa mchezaji. Sasa akawa anahesabu kwa meza pia, kwa udadisi tu. Meza nyingine zilikuwa zikitoa mipigo mibichi sita au saba katika kila kumi. Meza ya kwanza, ambayo miaka yote ndiyo iliyoongoza, ilikuwa imeshuka hadi minne.

"Nikasema ni kitambaa," anakumbuka. "Kikabadilishwa. Nikasema ni unyevu, masika yalikuwa yamekolea. Masika yakaisha. Nikamwomba meneja tubadilishane mipira na meza ya tatu. Meza ya tatu ikaendelea kunawiri na mipira yetu, sisi tukakauka na mipira yao."

Kisha mumewe akaugua mafua, akalala nyumbani siku mbili. Binti anayepanga meza ya tatu, ambaye Fundi mwenyewe ndiye aliyemfundisha, akashika meza zote mbili. Meza ya kwanza ikarudi kwenye saba.

Bi Ubao alisimama mbele ya ubao ule muda mrefu. Meneja wa ukumbi, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, akaja akasimama pembeni yake. Naye alikuwa ameona.

"Mwambie wewe," meneja akasema.

"Kwa nini mimi? Mwajiri wake ni wewe."

"Mimi nitamwambia nini mtu aliyenipangia mipira tangu nikiwa mwembamba?"

Jioni hiyo, mezani kwao, chai ya mumewe ilikuwa inamwagikia kwenye kisahani. Bi Ubao anasema alikuwa ameiona chai hiyo kwa miezi, akiifuta bila kuuliza.

"Baba watoto, meza ya kwanza imekauka."

"Kitambaa hicho."

"Kitambaa ni kipya."

"Basi mipira."

"Mipira ndiyo ileile inayoingia kwa yule binti."

Mzee akakiweka kikombe chini, akaiweka mikono yake yote miwili juu ya meza, akaitazama kama vifaa vya mtu mwingine.

"Basi ni hii," akasema.

Daktari amempa jina la ugonjwa na dawa za kupunguza mtetemo. Useremala ameupunguza, siku hizi anapiga msasa na kupaka vanishi tu, na kodi ya vyumba vyao viwili inalipwa zaidi na cherehani. Hilo halimsumbui sana. Kinachomuuma ni fremu.

"Aliniomba afike mashindano haya," anasema Bi Ubao. "Nikamwambia sawa, lakini wachezaji nao wana haki yao. Mtu amefanya mazoezi mwaka mzima, hawezi kutolewa na mkono wa mume wangu. Tukakubaliana. Mpaka saa sita mchana, mikavu ikizidi mibichi kwenye meza ya kwanza, anaweka fremu chini na fainali anapanga binti. Isipozidi, anapanga yeye mpaka mwisho."

Meneja alipoambiwa alifurahi kwamba hakuulizwa.

Saa tatu taa zinawashwa, na meza ya kwanza inaanza vizuri. Fundi anainama, anaibana mipira kwa vidole gumba, anainyanyua fremu polepole kama mtu anayefunua mtoto aliyelala. Mlio wa kuvunja unajaa ukumbi. Mipira miwili inaingia. Duara. Mchezo unaofuata, duara tena.

"Shikamoo Bi Ubao," anasema kwa kunong'ona kijana mmoja anayepita kwenda meza ya pili. "Naona Mzee leo amekula chuma."

"Marahaba. Kapige, acha maneno."

Lakini tabasamu limemtoka, na kwa muda mfupi anaonekana msichana.

Alikuwa msichana kweli alipoingia hapa mara ya kwanza. Alitumwa na mama yake amrudishe kaka yake nyumbani. Wakati huo ukumbi ulikuwa chumba kimoja chenye meza moja, na bati likivuja waliweka beseni katikati ya meza na mchezo ukasubiri mvua. Kaka akasema, "Nimalizie huu tu." Dada akaegemea ukuta, na kwa kukosa la kufanya akaanza kuhesabu.

Kulikuwa na wapangaji wawili, seremala na mwenzake mmoja mvivu. Baada ya siku kadhaa za kutumwa, seremala alimwona anachezesha midomo.

"Akaniuliza, unahesabu nini wewe? Nikamwambia, ukipanga wewe mipira inaingia. Akipanga mwenzako haiingii."

Fundi Fremu, akiulizwa habari hiyo, anacheka mpaka anashika kingo za meza. "Sijawahi kusifiwa vile na mwanamke. Nikamuoa haraka kabla hajaanza kuhesabu mengine."

Siku hizo ubao ulikuwa kipande cha mbao alichokitoa Fundi mwenyewe karakana. Kila jioni mume aliufuta kwa kitambaa kibichi, mke akikunja kanga yake, na wakatembea kwenda nyumbani wakibishana kuhusu mpigo wa fulani. Hawakuweka kumbukumbu yoyote. "Tulijua kesho ipo," anasema Bi Ubao.

Kuelekea saa tano mikwaju inaanza kujitokeza. Mmoja, halafu mitatu kwa mfuatano. Fundi sasa anapanga, anaondoa fremu, anaona namba nane imejitenga, anairudisha fremu na kuanza upya. Wachezaji wanatazama dari kwa adabu.

Saa sita kasorobo ubao unasoma hivi kwa meza ya kwanza: duara kumi na mbili, mikwaju kumi na miwili. Umebaki mchezo mmoja kabla ya mapumziko.

Mpigaji ni dereva wa lori aliyejaa kifua, maarufu kwa nguvu za kuvunja. Fundi anapanga. Inamchukua muda. Bi Ubao ananyanyua chaki.

Mlio wenyewe ni butu. Mipira inasambaa kivivu, na mpira mweupe unaruka karibu kutoka nje ya meza, mwamuzi akiukimbilia kwa macho. Namba tano inajikokota hadi kwenye mdomo wa shimo la kona, inasimama. Ni kona iliyo karibu kabisa na kiti cha Bi Ubao. Kisha, wakati dereva ameshashusha fimbo kwa hasira, namba tano inadondoka yenyewe.

Watu wanapiga makofi. Mwamuzi anageuka, hakuwa ameona.

Sheria ni fupi. Mpira ulioanguka ukiwa bado unatembea unahesabiwa. Uliokwisha kusimama kwa sekunde tano, kisha ukaanguka peke yake, unarudishwa mdomoni, na mpigo ni mkavu.

"Bi Ubao," mwamuzi anauliza, "ulikuwa umesimama?"

Meneja, aliye mlangoni, anaangalia viatu vyake. Fundi Fremu haangalii shimo wala ubao. Anamwangalia mkewe.

Kila mpira unaponing'inia, Bi Ubao huhesabu sekunde kwa kidole gumba juu ya paja. Amefanya hivyo tangu ujana wake. Kidole kilikuwa kimeshapita sita.

"Umesimama," anasema. "Mkavu."

Dereva anaguna. "Bi Ubao, hata mumeo humwonei huruma?"

"Mume wangu amekuja kupanga. Mimi nimekuja kuandika." Na anatia mkwaju, mrefu kuliko mingine.

Mwamuzi anairudisha namba tano mdomoni, na mchezo unaendelea mpaka mwisho. Fundi Fremu anausubiri uishe, kama inavyompasa mpangaji. Halafu anaitundika fremu kwenye msumari wake, anavuka ukumbi hadi meza ya tatu.

"Mwanangu," anamwambia yule binti, "mchana utakuwa na mimi kule. Mimi nitakaa, wewe utapanga. Namba nane ina kiburi, ibane na gumba la kushoto."

"Babu, mbona..."

"Ibane na gumba la kushoto."

Kisha anakwenda kusimama pembeni ya kreti la soda. Mke na mume wanautazama ubao pamoja.

"Ulihesabu mpaka ngapi?" anauliza mumewe.

"Sita na ushee."

"Mimi niliishia saba," anasema Fundi. "Hata ungesema mbichi, bado nisingepanga. Lakini usiku ningelala nimegeukia ukuta."

Bi Ubao anacheka na kufuta macho kwa ncha ya kanga, chaki inambakia kwenye shavu. Mumewe anaipangusa kwa kidole kinachotetemeka, anaisambaza zaidi.

Msimu ujao, Bi Ubao anasema, ana mpango wa kuongeza safu nyingine. Wapigaji wana takwimu zao, na meza zina zake. Wapangaji hawajawahi kuandikwa popote. Anataka kila mpangaji awe na mstari wake, na amekwisha kumwambia meneja anunue ubao mpana zaidi.

"Mimi usiniandike," anasema mumewe. "Utaanza na huu mwaka mbovu."

"Nitaandika ninayoyakumbuka."

"Na unakumbuka?"

"Siku ya kwanza ulipanga mara tisa, nane zikaingia. Ya tisa ulikuwa unaniangalia mimi."

Mchana, fainali ikikaribia kuanza, mzee anavuta kiti, anakiweka upande wa anayevunja, mahali ambapo katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kukaa, maana mpangaji husimama upande wa pili.

"Maisha yangu yote nimeona mpira mweupe ukija kwangu," anasema, akijiweka sawa huku binti akiinama juu ya meza ya kwanza. "Nataka niuone ukienda."

Bi Ubao ananyanyua chaki.