Koti la Fundi wa Gikomba

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, na tangu uniambie unaandika kitabu kuhusu sisi tunaohudumia maiti, sijapata utulivu. Nimeinuka kitini mara tatu. Basi andika na hii, ingawa hainipambi.

Ilikuwa miaka ya tisini, nikiwa kijana mgeni mochari, mikono myepesi na masikio mazito. Mama Nekesa wa Mukuru kwa Reuben alituletea nguo za marehemu mumewe, fundi cherehani wa Gikomba. Kati ya nguo hizo palikuwa na koti la kijivu alilojishonea mwenyewe, kila alipomaliza kazi za wateja. Mama aliniomba jambo moja tu: nisilikate. Nikamwitikia, sawa mama.

Maana, usishtuke, mwili ukikakamaa wengine wetu hupasua nguo mgongoni kwa makasi, wakaichomeka ubavuni, na anayetazama sandukuni haoni kitu. Mzee Barasa aliyenifunza kazi hakutaka hayo. Alikanda mabega na viwiko polepole, akimwita marehemu kwa jina, mpaka mkono ukalegea. Nilikuwa nikimcheka akinipa kisogo. Siku hiyo basi la kumpeleka marehemu Bungoma kuzikwa lilikuwa limewasha injini, waombolezaji wanaimba, dereva anapiga honi, nami nimechoka kukanda. Nikachukua makasi, nikapasua koti toka kola hadi pindo.

Haraka haraka haina baraka, nilijua hilo tangu shule. Mzee Barasa alikuja kukagua, akapitisha kiganja chini ya mgongo wa marehemu, akaugusa mpasuko. Nikajitetea kwamba basi linangoja na hakuna atakayeona.

"Huyu hana haraka," akasema. "Haraka ni yako. Nenda ukamwambie mama mwenyewe."

Ee mwanangu, nikamfuata mama mlangoni, nikamweleza. Nilitaka anizabe kofi, yaishe. Mama Nekesa alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua mkoba, akatoa sindano na uzi wa kijivu. Mke wa fundi hakosi uzi. Akaingia ndani.

"Mwinue," akaniambia. "Mshike vizuri."

Nikamkumbatia yule fundi kifuani pangu, mkewe akashona mgongo ule wote, honi ikilia nje. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Alipokata uzi kwa meno, aliyekuwa akilia ni mimi.

Sasa wewe unayetaka kutuandika, sikiza. Hawa marehemu wetu hawawezi kukukataza, wala hawatakisoma kitabu chako. Kuna siku utachoka, wenye kuchapa watakupigia honi yao, na utaona ni rahisi kupasua pale pasipoonekana. Usipasue. Kanda polepole, waite kwa majina yao. Ukikosea, nenda kwa wenye msiba kwa miguu yako mwenyewe, usingoje kutumwa kama mimi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu linaniuma hadi leo.

Mungu aitulize mikono yako kuliko alivyoituliza yangu. Na siku yako ikifika, uzeeni kabisa, akuvalishe mtu asiye na haraka.