Kaa Wewe Chini ya Sinki

Juzi, hapa Itigi, fundi alinifungia sinki la jikoni, lile linaloning'inia chini ya jiwe la granaiti. Alilibandika kwa gundi ya silikoni, akaliwekea gogo la kulishikilia, na kesho yake akaja kuliondoa hilo gogo. Nikainama kuchungulia, sioni hata kipande cha chuma cha kulishikilia, na hapo chini ndipo binti yangu anayetambaa anapopenda kukaa akigonga sufuria.

“Kaka, likijaa maji na vyombo si litamwangukia mtoto?”

Akaligonga jiwe kwa kidole. “Dada, wasiwasi wako tu. Hii silikoni inashika hata gari.”

Nikaziba tundu la sinki, nikafungulia bomba. “Basi kaa wewe hapo chini mpaka lijae.”

Akayatazama maji, akalitazama sinki. Akafunga bomba mwenyewe, akatoka hadi kwenye pikipiki yake, akarudi na drili na vyuma vinne vya kulishikilia sinki. Vilikuwa kwenye begi lake muda wote.

Kumbe alijua. Kilichomkumbusha si kichwa cha mwanangu, ni chake. Akina mama wenzangu, kabla fundi hajaondoka, mkaribisheni akae chini ya kazi yake.