Tamu Vipi?

Kiwandani walimwita Mama Kiganja, na jina hilo halikumkera. Wapishi wengine huonja mchuzi kwa kijiko. Yeye alichota kwa mwiko, akadondosha tone kwenye kiganja cha kushoto, akalilamba huku amefumba macho, ndipo akatoa hukumu. "Bado." Au, "Imekolea." Wafanyakazi waliopanga foleni na sahani zao hawakukosa la kusema.

"Mama Kiganja, ukimaliza kulamba mkono utubakizie na sisi!"

"Wewe nitakubakizia mwiko wa mgongo."

Sasa alikuwa ameketi katika nchi ya watu, kwenye mgahawa wenye vitambaa vyeupe mezani na dirisha linalotazama mto. Mbele yake aliketi kitindamimba wake, kijana wa watu, anang'aa kwa furaha. Na yeye mama ulimi wake ulikuwa umekufa.

Aliyejua ni mtu mmoja tu, shoga yake wa jikoni, mmenya vitunguu. Mambo yalianza na homa ya mwaka uliopita. Homa ilipoondoka ikaondoka na harufu, na ladha nayo ikafuata. Daktari wa kiwanda alimmulika puani kwa tochi, akasema, "Itarudi yenyewe," akaita anayefuata. Jiko lile halikuwa na dirisha wala bomba la kutolea moshi. Stoo ya mafaili ilikuwa na feni, makaratasi yasije yakaona joto. Wanawake waliopika humo moshini miaka nenda miaka rudi hawakupewa hata tundu la ukutani, na hakuna mkubwa aliyeona ajabu.

Basi wakajitafutia njia wenyewe. Mama Kiganja aliendelea kulamba kiganja mbele za watu, na shoga yake, akijifanya anapita na beseni, alionja kwa kidole na kunong'ona nyuma ya sikio lake. "Bado, shoga." "Ongeza." "Hapo hapo, usiguse!" Siku moja alinong'ona, "Mungu atuhurumie," ikabidi maharage yaongezwe ndoo ya maji.

Halafu kijana akaja na habari zake. Mama alikuwa amejiandaa kumweleza siku ile ile. Alikuwa ameshamwandalia chai, na maneno ameshayapanga. Mtoto akaingia kwa kishindo.

"Mama, nimeacha kazi!"

"Umefanya nini?"

"Nimeacha! Sitamtumikia mtu tena, na wewe hutamtumikia mtu. Chumba cha mgahawa nimepata, fundi ameshachora kibao: Kwa Mama Kiganja, na kiganja chenyewe kikubwa hivi! Lakini kwanza tunasafiri. Tukaonje wanavyopika wenzetu, ulimi wako ukusanye. Tukirudi, mji mzima utapanga foleni."

Akamkumbatia, akamnyanyua miguu ikaning'inia. Mtu aliyebebwa hewani ataanzia wapi kusema?

Kwa macho, safari ilimfurahisha kwelikweli. Alipenda mnara wenye saa, ambamo vijitu vya mbao vilitoka kwenye vimlango vyao na kupiga kengele. Alipenda daraja la mawe, na soko lenye samaki waliolala juu ya barafu midomo wazi, kama watu waliokatishwa maneno. Alitembea mpaka miguu ikavimba, akacheka, akapigwa picha.

Kwenye chakula aliokolewa na neno moja. Sukari ni tamu, na nyama iliyokolea chumvi ni tamu. Usingizi ni tamu, hadithi ni tamu. Alikuwa akitia tonge mdomoni, akisikia tu kwamba ni la moto au la baridi, laini au gumu, kisha anamwibia mtoto jicho. Nyusi za kijana zikiruka, yeye husema, "Tamu, baba." Hakukosea hata mara moja.

Leo kijana alikuwa ameisemea simu yake maneno, nayo simu ikayatamka kwa lugha ya wenyeji: kwamba mama yangu huyu ni mpishi, tena si wa mchezo. Mwenye mgahawa, mwanamke wa makamo mwenye aproni iliyochafuka kwa heshima ya kazi, akatoka jikoni mwenyewe na bakuli mkononi. Ndani mlikuwa na kitu cha rangi ya manjano, kizito, kinachofuka mvuke. Aligusa kifua chake, akaonyesha bakuli, akamwonyesha Mama Kiganja. Hapo hapakuhitaji simu. Mpishi alikuwa akimkaribisha mpishi mwenzake.

Kijana alikuwa ameinua simu kurekodi, uso wote umefichika nyuma yake. Mama hakuwa na nyusi za kuangalia. Akafanya alivyozoea: tone kiganjani, ulimi, macho yakafumbwa. Na kwa kuwa ameheshimiwa kiasi hicho, aliona haya kujibu "tamu" peke yake, kama mpita njia.

"Chumvi imekolea vizuri," alisema. "Ila mwambie, ingekuwa mimi ningetia kitunguu saumu kidogo. Hiki kinataka nyama ya mbuzi."

Simu ikatafsiri. Mwenye mgahawa akaangua kicheko, akajipiga paja, akarudi jikoni anacheka bado.

"Mama na vituko vyako!" Kijana naye alicheka, akachovya kidole bakulini, akalamba. Kicheko kikakatika.

Yalikuwa maziwa yaliyopikwa na mayai na asali, matamu ya kukwama kooni.

Mezani palikuwa na vikopo viwili vidogo vya unga mweupe. Kijana akavuta kimoja.

"Mama, nyoosha mkono."

"Wa nini tena?"

"Nyoosha tu."

Akamwekea chembechembe kiganjani. "Hii ni nini?"

Akalamba. Zilikuwa kama mchanga, kisha zikawa kama maji. Aliinua macho kumtazama mtoto, na uso ule aliouosha na kuupaka mafuta tangu uchanga ulikuwa umefungwa kama duka. Nyusi hazikuruka wala kushuka.

"Tamu," alisema.

Neno lililombeba safari nzima, hapo lilikuwa na maana moja tu.

"Ni chumvi, mama."

Mhudumu akapita na sahani za watu wengine. Kijana akakirudisha kikopo mahali pake.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa."

"Na mimi nimeacha kazi."

"Najua, baba."

"Kibao kimeshachorwa."

"Najua."

"Si ungeniambia!"

"Ulinibeba juu," alisema. "Ulikuwa na furaha, na mimi nilikuwa hewani."

Kijana aliziba uso kwa viganja, kisha akakaa wima, kama mtu aliyepata wazo.

"Tutatafuta daktari mkubwa."

"Amina," mama aliitikia, kama alivyoitikia zamani mtoto huyo alipomwahidi kumnunulia ndege.

"Na yule shoga yako? Tumchukue."

"Kwa maharage ananitosha. Anajua chumvi imezidi au imepungua, basi. Haya ya huku unayotaka niyabebe kichwani, nani ataniambia yalivyo?"

"Mimi. Mimi nitakuwa ulimi wako."

Sahani walizokuwa wameagiza zikafika, samaki ndani ya mchuzi mwekundu. Kijana akala kijiko kimoja. Mama akamsubiri, ameegemea mbele, amekaza macho kama mgonjwa anayesubiri majibu.

"Haya, niambie."

"Tamu."

"Tamu vipi?"

Akala kingine, akatafuna polepole, akatazama dari. "Tamu... nzuri. Tamu tu."

"Kuna uchachu?"

"Nadhani upo."

"Wa ndimu, au wa nyanya? Au kuna siki humo?"

"Wa..." Alishusha kijiko. "Mama, mimi nilikuwa nakula tu."

Ilikuwa kweli. Maisha yake yote alikula kilichokwisha kuonjwa. Kila kitu kilimfikia kimekolea, na hakuwahi kuhitaji neno la pili.

"Haya, kula baba. Kitapoa."

Mama akavuta sahani yake naye akala, kwa sababu chakula hakitupwi. Kilikuwa cha moto, laini, chenye miiba midogo. Nje ya dirisha chombo kilichojaa watalii kilipita mtoni, nao wakawapungia mikono.

"Ona mama, wanatupungia."

"Nawaona, baba."

Akainua mkono wa kushoto, wenye mabaki ya chumvi iliyoyeyuka kwa jasho, akawapungia.