Tuful na Ng'ombe wa Mahad

Juzi tumemzika mdogo wangu Tuful. Matanga hayajaisha, akaingia kutusalimia kijana mmoja wa upande wa marehemu mumewe, mjukuu wa kaka yake, kanzu imepigwa pasi mpaka inalia. Akaletewa wali, akaletewa nyama, na mdomo umejaa akaanza kutuhubiria.

"Bibi zangu, mshukuruni Mungu. Vita vile, Waingereza na Waajemi wasingekuja kutusaidia, wakomunisti wangeichukua nchi nzima. Leo msingekuwa hata na msikiti wa kumsalia bibi Tuful."

Nikamwambia, "Kula, baba, umalize uende. Huyo unayemlia matanga hukumjua."

Wenzangu wakanifinya. Mimi sifinyiki, ngozi yenyewe imeshakufa. Akaenda zake, na mie nikabaki na maneno yangu kooni. Ndiyo haya.

Sisi ni watu wa milimani, juu ya mji wa Salala, huko Omani. Zamani hizo ng'ombe walilala pangoni na sisi tukalala pangoni, na ukiuliza mwenye nyumba nani, ni ng'ombe. Tuful alikuwa mtoto wa kucheka. Ukimpiga anacheka, ukimlisha anacheka. Akaolewa na Mahad, mwanamume mpole aliyejua kusema na ng'ombe kuliko kusema na watu. Na huko kwetu mwanamume asiyejua ng'ombe si mwanamume, kwa sababu kukamua ni kazi ya wanaume. Mwanamke haligusi ziwa la ng'ombe. Atasukasuka maziwa apate siagi, atafagia mavi, atabeba kuni mpaka mgongo upinde, lakini kukamua, mwiko. Mvulana mwenye kamasi zake anaruhusiwa. Mama aliyemzaa, haruhusiwi. Wakisema akigusa, ng'ombe anakauka.

Tukaishi hivyo. Kisha wakaja makomredi.

Walikuwa watoto wetu wenyewe, tena wengine nimewaona wakitahiriwa kwa macho yangu haya. Walikwenda Kuwaiti kutafuta kazi, wakarudi na bunduki na vitabu. Wakasema hakuna Sultani, hakuna shekhe, ng'ombe ni wa wote. Mwanzo tuliwapenda, maana huyo Sultani wa wakati ule hakutupa hata panadoli. Halafu baba yake Mahad akasema mbele ya watu kwamba sala haiachwi kwa amri ya mtoto. Wakamchukua. Tulimkuta bondeni ana tundu la risasi.

Tangu siku hiyo Mahad akawa na dua moja tu. Akimaliza kuswali anainua mikono: "Ya Rabbi, walete watu wenye nguvu, popote walipo, waje watuondolee hawa."

Tuful akimsikia anamkatiza. "We baba Rayya, unamwita mtu usiyemjua aje na mzinga nyumbani kwako?"

"Namwita amwondoe aliyemuua baba yangu."

"Na akishamwondoa, nani atamwondoa yeye?"

"Mwanamke, wewe suka maziwa."

"Nasuka. Lakini mzinga hauulizi nani komredi na nani mume wangu."

Mahad akacheka, akamtupia utambi wa taa. Ndivyo walivyokuwa, wakibishana kama watani. Rayya ndiye mtoto wao, wa kike, wa pekee. Tuful alizaa wengine kabla yake, wote wakaenda. Huyu alikaa. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika mkia wa ndama.

Basi dua ikajibiwa. Wakaja. Wazungu wa Kiingereza wakatoa amri, Waajemi wakajaa kama nzige, helikopta zikapita juu ya pango letu mpaka ng'ombe wakajinyea. Wakapiga seng'enge kutoka baharini mpaka jangwani, ili chakula kisipande kwa makomredi. Na sisi tulioishi katikati? Hakuna aliyetukumbuka. Seng'enge haina macho.

Mvua za milimani zilikuwa zimekwisha, nyasi zimeanza kugeuka rangi. Wakati huo kila mwaka mwanamume hushuka pwani kununua dagaa wakavu. Dagaa ndio chakula cha ng'ombe wetu wakati wa ukame. Bila dagaa hakuna maziwa, na kila mtoto wa huku anajua. Mahad akachukua ngamia wa jirani, akashuka. Akamwambia mkewe, "Narudi kabla Rayya hajaanza kutembea."

Alifika, akanunua. Wakati wa kurudi akasimamishwa kwenye geti la seng'enge. Pale pana afisa mzungu na mkalimani aliyetoka huko Sham, Kiarabu chake cha kupinda ulimi, na Mahad Kiarabu chenyewe hakijui vizuri, sisi tuna lugha yetu.

"Magunia yote haya ya samaki ya nani?"

"Ya ng'ombe."

Mkalimani akacheka mpaka akashika mkanda wa suruali. Akamgeukia mzungu, na mzungu naye akacheka. "Mwambie kwetu pia tuna ng'ombe. Wanakula nyasi."

"Wallahi ni ya ng'ombe!"

"Sawa. Na hao ng'ombe wako wana bunduki ngapi?"

Wakamfunga. Mtu mwenye magunia ya samaki anapanda mlimani, basi analisha makomredi. Na yeye ndiye aliyewaombea dua waje. Kama si mkosi ningesema ni kichekesho.

Huku juu hatukujua. Bonde zima halikuwa na mwanamume. Wangu alishauawa. Kaka yake Mahad alikuwa na makomredi, na wavulana wote makomredi waliwapeleka ng'ambo ya mpaka, kwenye shule yao. Tumebaki mimi, Tuful, mama mkwe wake Thamna, na watoto wa kike. Mbuzi wameliwa: nusu na makomredi, nusu na jeshi, kila mmoja akisema anatulinda.

Mwanzo makomredi walikuja asubuhi, wakakamua wenyewe, wakanywa, wakamwachia Rayya bakuli. Nawasema kwa mabaya yao, na hili nalisema. Kisha mizinga ikaanza kupiga bonde letu, wakahama kwenda magharibi. Kombora moja likaanguka zizini. Likamuua ndama, yule yule wa mkia. Ng'ombe mama akabaki na maziwa yamejaa, ziwa linang'aa kwa kujaa, na Rayya ndani ya pango anaharisha. Matiti ya Tuful yalishakauka kwa njaa. Mchele hakuna. Matunda ya porini tunatafuna sisi, mtoto yanamtoka kama yalivyoingia.

"Tumshushe mjini," nikasema.

"Njia imetegwa mabomu, dada. Juzi imemchukua punda."

Akaja msichana wa makomredi, Huriya, kaachwa nyuma kwa ajili ya mguu ulioumia. Kakata nywele, kavaa kaptura. Akatukuta tumekaa tunamtazama ng'ombe.

"Kwa nini hamumkamui?"

Thamna akatema mate chini. "Wanawake hatukamui."

"Bibi, huo ni ujinga wa masultani! Mwanamke ni sawa na mwanamume."

"Sawa mwanangu," nikamwambia. "Haya, mkamue wewe."

Akatazama ziwa, akanitazama mimi. Alizaliwa milimani kama sisi. Bunduki walimfundisha, kukamua hawakumfundisha. "Mimi... mguu unaniuma," akasema. Nikacheka kicheko kibaya, sikutaka hata kukisikia mwenyewe.

Tuful akasimama. Akamteremsha Rayya mgongoni, akampa Huriya amshike.

Thamna akaruka. "Tuful! Ukimgusa atakauka, na Mahad atakuta zizi tupu!"

"Mama, na akikuta pango tupu?"

Bikizee akajitupa mlangoni, akashika upindo wa nguo ya mkwewe. Tukavutana naye, nguo ikachanika, Tuful akapita. Mimi nikashika pembe. Akachuchumaa, akaweka bakuli, akashika ziwa kwa mikono miwili kama mtu anayeshika kaa la moto. Akavuta. Hakutoka kitu. Akavuta tena. Ng'ombe akampiga teke la bega.

Ng'ombe wa kwetu hakamuliki hivi hivi. Asipomwona ndama wake anayafunga maziwa. Wanaume humchuna ndama aliyekufa, wakajaza nyasi kwenye ngozi, wakamsimamisha mbele ya mama amlambe. Wana wimbo wao wa kumbembeleza. Wana namna ya kumpulizia huko nyuma kwa mdomo, usicheke, ndivyo inavyofanywa. Yote hayo tuliyaona maisha yetu yote kwa mbali, na hakuna aliyetuonyesha hata moja. Tulikwenda kumtafuta ndama. Kombora halikuacha ngozi ya kujaza nyasi.

Tuful akaimba. Wimbo wa wanaume, maneno nusu anayajua, nusu anabahatisha. Akampulizia, uso mkavu kabisa, haya ameiweka kando. Akavuta mpaka vidole vikatoka damu. Yakatoka matone, ya kulowesha kucha. Akamtia Rayya kidole mdomoni. Mtoto akanyonya damu na maziwa.

Akarudia kila siku. Ng'ombe ziwa likavimba, likawa gumu, likaoza. Thamna akasema, "Si niliwaambia?" Mpaka kesho sijamsamehe, na kafa zamani.

Rayya alifia mgongoni mwa mama yake wakati anakusanya kuni. Tuful alifika na kuni zote, akazipanga, ndipo akasema, "Dada, nipokee huyu."

Mahad akarudi baadaye kidogo, ngamia hana, amekonda. Yule afisa alikwenda siku moja pwani akaona kwa macho yake ng'ombe anatafuna dagaa. Akacheka sana, akamfungulia, akampa mkono, akampa na kopo la maziwa ya unga. La mtoto, alimwambia.

Mahad akalitoa kwenye shuka yake. Tuful akalitazama.

"Walikuuliza nini siku zote hizo?"

"Kama ng'ombe anakula samaki."

"Ukawaambia?"

"Kila siku niliwaambia."

"Na dua utaendelea nayo?"

Mahad akainuka. Alikwenda kukaa zizini.

Vita vikaisha, wakashinda waliokuja. Kisima kikachimbwa, barabara ikapita, zahanati ikajengwa, sikatai, hata mguu wangu huu nimetibiwa hapo. Makomredi wangeshinda, labda wangejenga na wao. Labda wangempiga risasi na Mahad. Sijui, na huyo kijana wa kanzu naye hajui, ila yeye hanyamazi. Kila mkubwa alikuja kumzuia mkubwa mwenzake asituchukue. Hakuna aliyemwachia Rayya mtu wa kukamua.

Tuful alimwambia mumewe jambo moja tu: nifundishe. Mahad akamfundisha, mbele ya watu, wanaume wakamzomea, asijali. Akajua kukamua kuliko wote. Maziwa yakajaa vibuyu, akagawa kwa watoto wa majirani, yeye hakunywa hata funda mpaka kaburini. Na mtoto mwingine hakupata. Mahad akatangulia, na dua ile sikumsikia nayo tena.

Wiki ya mwisho Tuful alikuwa hatujui. Macho yamefumba. Lakini mikono ilikuwa juu ya shuka, moja inashuka, nyingine inapanda, inavuta, inavuta. Nikaishika nikamwambia, "Basi, mdogo wangu, kashiba."

Akaitoa mkononi mwangu, akaendelea.